Kipimo cha Mwanamume: Habari ya Mto Aruwimi na Ugonjwa wa Kioo



Kuna ugonjwa mmoja ambao wazee wetu hawakuupa jina, nasi twauona kila siku bila kuutambua. Kijana ana kifua kipana na mikono minene, hata watu wakipishana naye njiani hugeuka kumtazama. Lakini yeye mwenyewe akisimama mbele ya kioo humwona mtu mwembamba, dhaifu, wa kuchekwa. Hunyanyua vyuma asubuhi na jioni, hula kwa kuhesabu saa, huwakwepa rafiki, humeza dawa asizozijua. Na kila akijipima tena huona bado hajatosha. Madaktari wa siku hizi wauita ugonjwa huo dismofia ya misuli, na wanaoupata ni wanaume hasa.

Pengine msomaji atasema: hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Sisi wa Banalia twavuka mto kwa mtumbwi, twalima mihogo na mpunga, twasukuma baiskeli zenye mizigo katika njia ndefu ya kwenda Kisangani. Tuna nafasi gani ya kujitazama kiooni? Tunajibu hivi. Desturi ya kuupima mwili wa mwanamume na kusema, "huyu afaa, huyu hafai," ina historia ndefu, na ukurasa mmoja mkubwa wa historia hiyo uliandikwa hapa hapa, ukingoni mwa mto wetu. Yafaa tuusome, ili tujue kipimo hiki kimetoka wapi, na ni nani aliyekishika mkononi kabla hakijaingia moyoni mwa vijana wetu.

Mwanamume na mzigo wake

Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alipanda mto Kongo akiwa na msafara mkubwa, kwenda kumtafuta Emin Pasha, liwali wa Equatoria, ambaye njia yake ilikuwa imefungwa na vita vya Mahdi katika Sudan. Wapagazi wake, watu kama 600, aliwaandika Unguja. Lugha yao ilikuwa Kiswahili, lugha hii hii tunayoandika hapa. Kila mmoja alipewa mzigo wa ratili 60 hivi, ndizo kilo 27, na kwa mzigo huo alijulikana.

Mwezi wa Juni msafara ukafika Yambuya, penye maporomoko ya Aruwimi, chini ya Banalia. Hapo Stanley akawagawanya watu. Tarehe 28 Juni 1887 yeye akaingia msituni pamoja na wenye nguvu. Wagonjwa na wadhaifu walibaki nyuma na mizigo, chini ya Meja Edmund Barttelot, wakingojea wapagazi ambao Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed, aliahidi kuwaleta.

Tuitazame sana siku ile ya kugawanywa. Watu walisimama, wakatazamwa mikono, miguu na vifua. Mwenye mwili imara akaenda mbele. Mwenye mwili mnyonge akawa mtu wa nyuma. Na hao wa nyuma walipata taabu kuu. Walikula mihogo michungu isiyoloweshwa ipasavyo, wakakosa kitoweo, wakapigwa viboko vikali, na wengi wakazikwa Yambuya. Miezi ikapita, karibu mwaka mzima. Wapagazi wa Tippu Tip walipokuja mwezi wa Juni 1888, yeye alikataa watu wake wasitwikwe mzigo mzito, basi mizigo ikafunguliwa na kufungwa upya kwa ratili 40. Huyu naye aliwahurumia watu wake kwa namna yake, lakini hesabu yake ilikuwa ile ile: mwanamume ni ratili kadhaa.

Msafara ukajikokota mpaka Banalia. Alfajiri ya tarehe 19 Julai 1888 Barttelot alikasirishwa na sauti ya ngoma na nyimbo kambini, akatoka na bastola yake kwenda kumnyamazisha mwanamke aliyekuwa akipiga ngoma. Mume wa mwanamke huyo, jina lake Sanga, akampiga risasi kutoka nyumbani, akafa. Tarehe 17 Agosti Stanley akarudi kutoka msituni. Alimkuta Banalia Mzungu mmoja tu, William Bonny, pamoja na watu waliobaki ngozi na mifupa, wengine wana vidonda, wengine wana ndui. Wengi wa wale walioachwa Yambuya walikuwa wamekwisha kufa.

Habari hii imeandikwa mara nyingi katika vitabu vya Wazungu, nao wamebishana sana juu ya nani alikosa, Stanley au Barttelot. Sisi twaitaja kwa sababu nyingine. Wapagazi wale walikonda hata wakatisha macho, lakini si wao waliouchukia mwili wao. Jicho lililowapima lilikuwa la mtu mwingine, na aibu ilikuwa yake. Mtu mwenye njaa alijua kwamba ana njaa; hakusema, "Mimi si mwanamume."

Sanamu za shaba

Katika maofisa wa kambi ya Yambuya alikuwamo kijana mmoja Mwingereza, Herbert Ward, aliyezaliwa mwaka 1863. Banalia hakuwapo siku ile ya mauti, kwa kuwa alikuwa ametumwa chini ya mto. Baadaye alirudi Ulaya, akajifunza kuchora na kuchonga, akawa mchongaji wa sanamu mwenye sifa huko Paris. Na alichonga nini? Wanaume wa Kongo. Yuko mwenye kufanya moto, yuko mwenye kuchonga kinyago, yuko mkuu wa kabila ameketi. Kimoja katika vichwa vyake vya shaba alikiita kwa jina la mto wetu, Aruwimi. Mwaka 1908 alipewa medali ya dhahabu huko Paris. Alikufa mwaka 1919, na mwaka 1921 sanamu zake, pamoja na vitu zaidi ya 2,000 alivyokusanya Kongo, vilipewa jumba la makumbusho la Smithsonian huko Washington.

Ukiziona sanamu hizo, au picha zake, utashangaa. Ni watu wa misuli mitupu: mgongo kama ubao, mapaja kama magogo, mishipa imesimama. Ward aliwapenda watu wa Kongo kuliko wengi wa wenzake, na alisema hivyo katika vitabu vyake. Lakini mtu aliyekaa Yambuya aliona pia miili iliyokwisha kwa njaa. Shaba ilipewa misuli, na njaa ikaachwa nje ya jumba la makumbusho. Hivyo watu wa Washington walimtazama mwanamume wa Aruwimi miaka mingi, naye hakuwa mtu kamili. Alikuwa kifua na mabega.

Tusidhani kwamba Wazungu waliwafanyia Waafrika peke yao hivyo. Katika miaka ile ile walikuwa wakijifanyia wenyewe. Eugen Sandow, aliyezaliwa Königsberg mwaka 1867, alipata mali nyingi kwa kuuonyesha mwili wake kwenye majukwaa na kwa kuuza vyuma vya mazoezi, vitabu na gazeti. Mwaka 1901 jumba la makumbusho ya viumbe la London liliutia mwili wake katika plasta, uwe mfano wa mwanamume wa Ulaya aliyekamilika. Tarehe 14 Septemba mwaka huo, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, yalifanywa mashindano makubwa ya miili ya wanaume. Waamuzi walikuwa watatu: Sandow mwenyewe, mchongaji Charles Lawes, na mwandishi Arthur Conan Doyle.

Jina hili la mwisho lina habari na sisi. Conan Doyle, aliyekaa akihukumu misuli ya vijana wa Kiingereza, ndiye aliyetoa mwaka 1909 kitabu cha kushitaki maovu ya mpira katika Kongo ya Mfalme Leopold, ambamo wanaume, wanawake na watoto walikatwa mikono. Mtu mmoja, macho mawili: jicho moja lilitazama mkono kwa uzuri wake, jicho la pili lililia kwa mkono uliokatwa. Laiti jicho la pili lingekuwa na sauti kubwa zaidi katika dunia! Lakini biashara ya Sandow ndiyo iliyoendelea kukua.

Kipimo chenye mwisho na kipimo kisicho na mwisho

Mwaka huo huo wa 1901 daktari mmoja wa jeshi la Ufaransa, jina lake Pignet, alitoa hesabu ya kujua nguvu ya askari. Hesabu ni rahisi. Chukua urefu wa mtu kwa sentimita, utoe uzito wake kwa kilo pamoja na mzunguko wa kifua chake kwa sentimita. Mtu wa sentimita 170, mwenye kilo 60 na kifua cha 85, hupata 25. Namba ikiwa ndogo, mtu ni imara. Ikiwa chini ya 10, ana nguvu sana. Ikipita 30, ni dhaifu sana. Vipimo vya namna hii vilienea katika majeshi na katika makampuni ya makoloni. Katika Kongo ya Wabelgiji pia mwanamume aliyetaka kuandikwa katika migodi alivuliwa nguo, akatazamwa meno, akapimwa urefu, uzito na kifua, akatiwa katika daraja lake. Yatupasa kusema kwamba madaktari wengine walitumia vipimo hivyo kuwaokoa wadhaifu na kazi ya kuua. Lakini mwanamume alirudi nyumbani akijua kwamba yeye ni namba, na kwamba namba hiyo ni ya thamani yake.

Je, wazee wetu hawakupima? Walipima. Majirani zetu Babali, walio upande wa mashariki, walikuwa na mambela, jando lao kali. Mvulana alipigwa fimbo na kuchanjwa kifuani, naye hakuruhusiwa kulia. Serikali ya kikoloni na misioni ziliipinga mambela, na kweli yalikuwamo mateso ambayo hakuna mzazi angeyataka leo. Hatuisifu. Ila kuna jambo moja ndani yake ambalo laweza kutufundisha: mambela ilikuwa na mwisho. Siku ilifika, jeraha likapona, kijiji kikapika, wazee wakasema, "Sasa wewe ni mtu mzima." Aliyekuwa mwembamba aliambiwa hivyo, na aliyekuwa mnene vilevile. Tangu siku ile hakuna aliyemwambia arudi kupimwa tena.

Kioo hakina mzee wa kusema, "Yatosha." Hapo ndipo ugonjwa wetu unapozaliwa. Kijana wa leo amepewa kipimo cha Sandow na namba ya Pignet, lakini hakuna siku ya karamu, hakuna mtu wa kumtangaza kwamba amefika. Basi hujipima leo, kesho na kesho kutwa, mpaka anazeeka bado mtoto mbele ya kioo chake.

Vijana wa Buffalo Bill

Baada ya vita vya pili vya dunia sinema ilienea katika miji yetu. Huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, vijana wa miaka ya 1950 waliona filamu za Tarzan na za wachunga ng'ombe wa Marekani, wakajiita "Bills" kwa jina la Buffalo Bill. Walijifunza kupigana, walijenga vifua, walichanjwa dawa waliyoiita "kamo" ili wawe na nguvu, walisema lugha yao ya Hindubill. Wengine walikuwa wachezaji tu. Wengine waliiba na kuwaonea wasichana. Wanahistoria, kama Didier Gondola, wameonyesha sababu iliyokuwa chini ya mambo hayo. Baba zao waliitwa "boy" mpaka mvi, wakaamriwa na kutukanwa mbele ya watoto wao. Kijana aliyekosa kumwona mwanamume mwenye heshima nyumbani alimtafuta ukutani mwa sinema.

Padre mmoja wa Scheut, Jozef de Laet, hakuwakimbia. Aliingia kati yao huko Ngiri-Ngiri, akajifunza maneno yao, akawapa michezo na kazi, hata wakampa jina la Père Buffalo. Hakuwaambia kwamba nguvu ni dhambi. Aliwatafutia mahali pa kuitumia, na wakubwa wa kuwaita kwa majina yao. Tutarudi kwenye jambo hili mwishoni.

Mwaka 1964 tuliona upande mwingine wa ndoto hiyo. Simba walipouteka mji wa Stanleyville, yaani Kisangani, mwezi wa Agosti, vijana wengi katika nchi yetu walichanjwa dawa, wakaambiwa kwamba miili yao haitapenywa na risasi, kwamba risasi zitageuka maji. Walikwenda mbele wakiamini hivyo, wakafa kwa wingi. Na kabla ya mwaka kwisha Banalia yenyewe iliona wamisionari wakiuawa pamoja na watoto wao. Kumwahidi kijana mwili usioweza kuumizwa ni kumdanganya, na anayedanganywa hivyo huwa hatari kwake mwenyewe na kwa wengine.

Watu wa Kongo wana kumbukumbu nyingine iliyo njema zaidi. Tarehe 30 Oktoba 1974, katika uwanja wa Kinshasa, George Foreman mwenye umri wa miaka 25, mtu wa ngumi za kutisha, alipigana na Muhammad Ali wa miaka 32. Ali aliegemea kamba, akamwacha Foreman achoke kwa nguvu zake mwenyewe, na katika raundi ya 8 akamwangusha. Wazee wanaoisimulia habari hiyo hawataji unene wa mikono ya Ali. Hutaja akili yake na uvumilivu wake.

Hofu ya kukonda

Kuna sababu moja zaidi ya kwetu, ambayo vitabu vya Ulaya huipita haraka. Katika miaka ya 1980 ukimwi ulipoenea katika Uganda, watu wa Rakai waliuita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, "slim". Na mwaka 1985 madaktari waliuandika kwa jina hilo. Tangu wakati huo, katika nchi zote za huku, mwanamume akikonda hunong'onezwa. Akirudi safari amepungua, jirani huuliza kwa macho. Halafu zikaja vita za Kongo, na Kisangani ikapigwa mabomu mwezi wa Juni 2000, majeshi ya kigeni yakipigana kwa siku 6 katika mitaa yake. Watu wakajua tena sura ya njaa. Basi mwili mnene ukawa cheti: "Mimi mzima. Mimi ninakula. Mimi si maskini." Kijana anayetafuta misuli kwa wazimu mara nyingi anakimbia neno la jirani. Sisi tunaotania kwa kusema, "Umekonda, una nini?" tuna sehemu yetu katika ugonjwa wake.

Ugonjwa wapata jina

Mwaka 1891 daktari Mwitaliano, Enrico Morselli, aliandika juu ya watu wanaoamini kwamba sura yao imeharibika hali haikuharibika, akauita ugonjwa huo dismofofobia. Kwa muda mrefu madaktari waliwafikiria wanawake zaidi, na wasichana wanaokataa chakula. Mwaka 1993 Harrison Pope na wenzake huko Marekani waliwachunguza wanaume 108 wanaonyanyua vyuma. Wakakuta 9 waliojiona wadogo na wanyonge, ingawa walikuwa wakubwa wenye nguvu. Mwaka 1997 ugonjwa huo ukaitwa dismofia ya misuli, na mwaka 2013 ukatajwa katika kitabu ambacho madaktari wa akili wa Marekani hukitumia kutambua magonjwa.

Pope na wenzake walipima hata sanamu za kuchezea watoto. Askari wa plastiki aitwaye G.I. Joe alianza kuuzwa mwaka 1964, akiwa na mwili wa kijana wa kawaida. Yule wa mwaka 1998, kama angekuwa na kimo cha mtu, mkono wake ungekuwa na mzunguko wa karibu sentimita 68. Ni vigumu mno kumpata binadamu mwenye mkono kama huo. Mtoto aliyekua na sanamu hiyo ameanza kujiona mdogo kabla hajajua kusoma. Na simu ya leo yafanya kazi hiyo hiyo kwa picha, mchana na usiku, hata kijijini.

Tujue basi dalili. Mazoezi peke yake si ugonjwa. Mvuvi, mpagazi na mwendesha toleka wa Kisangani wana misuli ya kazi, nayo ni fahari yao. Twaanza kuwa na wasiwasi kijana anapojitazama kiooni mara nyingi kwa siku, au anapokikimbia kioo kabisa. Anapovaa nguo mbili tatu wakati wa joto ili kuficha mwili. Anapokataa kuoga mtoni na wenzake. Anapoacha msiba, harusi au kazi kwa sababu ya saa ya vyuma. Anapoendelea kunyanyua ingawa ameumia. Na anapoanza dawa. Wenye ugonjwa huu hupata huzuni nzito, na wengine hujaribu kujiua. Si jambo la kuchekwa.

Mchongoma wa dawa

Wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mwaka 1935 wanakemia walifaulu kuitengeneza testosteroni, ile homoni ya kiume. Mwaka 1958 kampuni ya Ciba ilitoa vidonge vya Dianabol, na wanyanyua vyuma wa Marekani wakavipokea upesi. Dawa za jamii hiyo, steroidi za kujenga misuli, hukuza mwili kweli. Lakini huharibu ini, huunenepesha moyo na kuuchosha, hugandisha damu, huleta hasira na kisha huzuni. Tena mwili ukipata homoni kutoka nje huacha kutengeneza yake: korodani hupungua, mbegu hukosekana, matiti huota. Yule aliyetaka kuwa mwanamume zaidi anaweza kukosa mtoto.

Huku kwetu hatari iliyo karibu zaidi ni ya vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa sokoni. Kimoja ni cyproheptadine, dawa ya mzio ambayo huleta njaa na usingizi. Mwaka 2016 watafiti waliandika juu ya matumizi mabaya ya dawa hiyo katika Kinshasa. Kingine ni dexamethasone, dawa nzuri sana mkononi mwa daktari, mbaya sana mkononi mwa muuzaji. Huvimbisha uso na mwili kwa maji na mafuta, watu wakasema, "Amependeza." Ndani yake sukari hupanda, mifupa hudhoofika, kinga ya mwili hushuka. Na mtu aliyeitumia siku nyingi akiiacha ghafula anaweza kuanguka na kufa, kwa sababu tezi zake zimesahau kazi. Kwa hiyo tunawasihi: aliyekwisha kuizoea asiitupe leo, aende kituo cha afya, aseme kweli, apunguziwe polepole.

Kazi yetu

Ugonjwa huu unatibika. Madaktari hutumia mazungumzo yenye utaratibu, yanayomfundisha mgonjwa kuzipima fikira zake na kupunguza kujichungua. Wengine hupewa dawa za huzuni. Daktari wa akili hapatikani katika kila mji, twajua. Lakini mlango wa kwanza hauhitaji daktari. Ni mtu mmoja wa kumwuliza kijana, faraghani na bila kicheko, "Ndugu yangu, unajionaje?" Wanaume hawajazoea kuulizwa hivyo. Mwanamke akilia juu ya sura yake, mama na dada humzunguka, mwanamume akisema neno kama hilo huambiwa, "Acha mambo ya kike." Ndiyo sababu anamwambia kioo peke yake.

Baba na wajomba wana neno kubwa hapa. Mtoto wa kiume asikie akisifiwa kwa kutunza ahadi, kwa kumvusha mzee mtoni, kwa kusoma vizuri, kwa kuzuia hasira yake. Na sikukuu zetu za kijana kumaliza shule, kuanza kazi, kuoa, tusizifanye za pombe tu. Mzee asimame, aseme kwa sauti mbele ya watu lile neno ambalo kioo hakiwezi kulisema: umefika, u mtu mzima kwetu. Père Buffalo alijua siri hiyo katika mitaa ya Ngiri-Ngiri, na wazee wetu waliijua kabla yake.

Walimu wa michezo nao waangalie. Mahali pa vyuma pawe na mtu mzima anayejua, na muuzaji wa vidonge asikaribishwe. Vijana wenyewe wakumbuke kwamba nguvu za mamba ziko majini. Mamba akitolewa mtoni ni mzigo wa nyama tu. Na mwanamume akitolewa katika watu wake, akafungiwa na kioo chake, hata awe na mkono wa sentimita 68, hana nguvu.

Katika mwaka 1888 watu waliopimwa kwa ratili walilala hapa Banalia wamekonda, na wakubwa wao wakaandika hesabu ya mizigo. Usiku ule wa mwisho wa Barttelot, katika njaa ile yote, walikuwamo watu kambini waliokuwa wakiimba na kupiga ngoma. Historia imeliandika jambo hilo kama chanzo cha ugomvi. Sisi twalisoma kama ushuhuda: mwili ulikuwa umekwisha, na mtu alikuwa bado yumo.